Kioo Kilichokunjwa Baridi

Rukia mwanangu,

Barua hii haitakuuliza hali, kwa maana hali yako naijua. Umepita mlangoni sasa hivi, buibui begani, ukasema waenda Muyeye kumuaga shangazi yako na kwamba utarudi kabla ya magharibi. Umekula, umeoga, una afya, alhamdulillahi. Wa kuulizwa hali ni mimi. Mimi nimekaa karakana, juu ya kile kigoda cha marehemu baba yako, karatasi nimeiweka juu ya meza ya kukatia, na vumbi la msumeno nimelipangusa kwa ncha ya leso.

Sikuandikii habari za sweta wala namna ya kuficha paspoti. Hayo ameshakwambia kila mtu hapa mtaani Barani, mpaka muuza maji, ambaye hajapata kuvuka kivuko cha Kilifi maishani mwake lakini baridi ya Italia aijua kuliko Waitaliano. Wala sikuandikii usisahau kusali, kwa kuwa wasali, na asahauye kwao hakumbushwi kwa karatasi.

Nakuandikia kwa ajili ya swali lako la jana. Tulikuwa twachambua mchele, wewe upande ule wa sinia na mimi upande huu, ukaniuliza bila ya kuinua macho, "Mama, na nikibaki itakuwaje?" Nami sikujibu. Niliendelea kutoa chuya kana kwamba sikusikia. Ukangoja, ukangoja, kisha ukanyanyua sinia ukaenda nalo jikoni. Leo asubuhi nimepita chumbani kwako nikaliona sanduku: nguo ulizokwisha kuzipanga umezitoa nusu, umezirudisha kabatini. Usiniambie wazipanga upya. Mimi ndiye niliyekuzaa.

Basi jibu lako limo humu. Lakini wanijua, mama yako hajui kusema jambo kwa mkato. Hata kumwita mtu aje kula huanza na habari za kuni. Nivumilie.

Nataka nikuhadithie kioo cha mashua ya Kazungu. Nusu ya habari hiyo waijua, kwa kuwa watu wa mtaa waliisema mpaka wakachoka. Lakini ulikuwa mtoto mdogo, na siku yenyewe ulikuwa chuoni wasoma Kurani, na mimi mwenyewe sijapata kukaa nawe nikakueleza yote.

Baba yako alikuwa akitengeneza vioo vya zile mashua za kuonyeshea matumbawe, zile ambazo mgeni hukaa kitako, akainama, akawaona samaki chini ya miguu yake. Vioo nasema kwa mazoea, lakini havikuwa vioo. Ilikuwa plastiki. Sisi tukiiita plastiki ya kioo, mpaka wewe ulipokuja na jina la akriliki ukatuona sote washamba. Aliipenda kazi ile. Akinieleza kila siku, kana kwamba mimi ni mteja: yapitisha mwanga kuliko kioo chenyewe, nyepesi, ikivunjika haimwagi vigae vya kukata watu miguu, chumvi haiili. Ila ina tabia zake. Ukiipangusa kwa kitambaa kikavu itachubuka. Ukiigusa kwa petroli au spiriti itakasirika. Na ukitaka kuikunja, sharti uipashe moto, tena moto wa pole.

Moto huo aliupata kwa Bwana Shee, mwoka mikate wa kule mji wa kale. Alasiri, mikate ikishatoka na tanuri likipungua ukali, baba yako huingiza kioo chake juu ya kalibu ya mti yenye umbo alitakalo, akakaa hapo barazani kwa Shee wakapiga soga, mpaka plastiki ikalegea yenyewe ikalala juu ya kalibu. Kisha huiacha ipoe humo humo tanurini, taratibu. Huja nayo nyumbani imefunikwa blanketi kama aliyebeba mtoto mchanga. Nikimwambia si uipepee ipoe upesi tuendelee na kazi, hucheka tu.

Kazungu ulimkuta mtu mzima na mashua zake. Wakati ule alikuwa kijana wa Kakuyuni aliyeuza ng'ombe na sehemu yake ya mikorosho akanunua mashua moja, na nduguze wote wakamwona ana wazimu: Mgiriama wa shamba na bahari wapi na wapi. Yeye hakutaka kioo cha chini tu. Alitaka na vya ubavuni, vilivyokunjwa kufuata tumbo la mashua, ili mgeni mwenye kiuno kibovu aone bila ya kuinama. Baba yako aliifurahia kazi hiyo kama aliyepewa zawadi. Akapima, akakata, akapiga msasa. Kabla havijaingia tanurini akashikwa na homa, na homa ile haikumwacha. Mungu amrehemu.

Nikakaa eda. Eda waijua kwa kusikia, inshallah usiijue kwa kuikaa mpaka uzeeke. Hutoki nje ila kwa dharura, huvai cha rangi, hupaki hina wala wanja, na manukato hayakukaribii. Nilikuwa nimekaa uani, na vile vioo vimeegemea ukuta vyanitazama. Kazungu alituma rambirambi, na akatuma neno kwamba nisijisumbue na habari ya mashua. Lakini wakwe zangu walikwisha kuanza kuulizana huyu msumeno utauzwa kwa nani. Nikajua kwamba vioo vile visipokwisha, karakana imekufa na mwenyewe, na mimi na wewe tutakuwa watu wa kula kwa kaka zangu. Na mikono nilikuwa nayo. Miaka yote nikimshikia baba yako upande wa pili wa ubao. Ambaye hushika upande wa pili huona kila kitu.

Basi nikafanya kazi humo humo uani. Nikamalizia msasa, nikatoboa matundu kwa keekee, Kazungu akaleta fremu za mti za kuvishikia vioo akaziacha mlangoni. Likabaki jambo moja tu, nalo ni kukunja. Tanuri liko kwa Shee. Mimi niko ndani. Ningeweza kumtuma mtu amwambie Bwana Shee, tafadhali, kuna vioo vya marehemu. Neno dogo hilo. Sikulituma. Niliona haya. Mjane wa juzi, atume salamu kwa mwanamume wa kando, watu watasema nini? Ndivyo nilivyojiambia. Nikachukua bisibisi, nikavikunja baridi, bila ya moto.

Na vikakubali, Rukia! Hapo ndipo nilipodanganyika. Nikikaza skurubu huku, kioo chaja. Nikikaza kule, chaja. Hakikulia wala hakikukataa, kikaifuata fremu kama mtoto mtiifu, tena king'avu, kizuri cha kutazama. Mimi nikajipiga kifua: kumbe baba wa watu akihangaika bure na tanuri, alikuwa akitafuta soga za Shee tu. Kiburi cha mtu aliyefiwa ni kibaya kwa sababu hakuna anayethubutu kukukanya.

Eda ikaisha. Siku ile ile ndiyo iliyokuwa ya kuitia mashua majini. Nikaoga, nikavaa leso mpya ya rangi, nikapakwa hina, nikatoka kuliona jua kama mgonjwa aliyepona. Vioo vilipelekwa pwani kwa mkokoteni, vikafungwa. Wanawake wa mtaa walikuja na halua na kahawa. Nami nikaja na mrashi, kwa kuwa sisi hatuanzi jambo bila ya kunyunyiza marashi. Shida ni kwamba mrashi ulikuwa mkavu. Marashi ya mawaridi yalikwisha yote kwenye hitma ya baba yako. Lakini nilikuwa na chupa ya manukato aliyoniletea dada yangu kutoka Arabuni. Ilikuja kabla ya msiba, na eda ikanikuta sijaifungua. Nikaimimina yote kwenye mrashi.

Harufu ile iliniliza. Muda mrefu nilikuwa sijanusa chochote ila majivu na dawa za wagonjwa. Nikawanyunyizia wanawake, nikamnyunyizia Kazungu kichwani, nikainyunyizia mashua, kisha nikasema bismillahi nikavinyunyizia vile vioo, bila ya uchoyo, mkono mzima.

Kulikuwa na mlio mdogo, kama mtu anayevunja njiti. Mmoja, kisha wa pili. Halafu nikaona mistari. Ilianzia kwenye skurubu, myembamba kama nywele, ikakimbia kuelekea katikati, mingine ikachipuka ubavuni mwa ile ya kwanza, mpaka kioo kizima kikawa kama kimefumwa utando. Cha pili nacho kikafuata. Manukato yale yalikuwa spiriti tupu, na mimi nilikuwa najua kuwa plastiki haipatani na spiriti. Nalijua hilo kama nijuavyo jina langu. Lakini mikononi mwangu siku ile hayakuwa spiriti, yalikuwa mwisho wa eda.

Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa leso. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona kwamba marehemu hakuridhia. Mwanangu, ningepata shimo ningeingia. Niliuona msumeno ukichukuliwa, nikaiona meza hii ikitolewa mlangoni.

Kazungu alichuchumaa. Yeye ni mtu wa kuongea na vitu kabla ya kuongea na watu, wamjua. Akapitisha kidole juu ya nyufa, polepole, huku na huku. Nikaanza kumtaka radhi, maneno hayatoki sawasawa. Akainua mkono kuninyamazisha, akasema, "Mama Rukia, mimi nashukuru. Kimesema hapa mchangani. Kingeningoja tuko majini na wageni ndani, ni nani angekuja kunitoa?"

Kisha akaingia kwenye ile mashua yenye vioo vibovu, akaketi, akaomba halua. Akala. Akaomba kahawa. Wanawake wakatazamana, mmoja akaenda akaketi naye, na mwingine, mpaka ikawa karamu kama iliyokusudiwa. Mimi nilisimama na mrashi wangu mtupu. Mpaka leo nikimwombea Mungu wazazi wangu, humtaja na Kazungu, na yeye hajui. Nilikuwa nadhani shukrani ni ya siku kitu kimekwenda sawa.

Kesho yake hodi ikapigwa. Bwana Shee. Hakuingia, alisimama nje ya mlango, nami nikasimama ndani, ubao wa mlango katikati yetu. Akasema tangu marehemu aondoke, kila Alhamisi baada ya mikate huwa anaacha tanuri bila ya kuingiza kazi nyingine, amengoja labda mama Rukia ataleta vioo. Hakutuma neno kwa sababu aliona haya kubisha nyumba yenye eda. Nikamwambia nami sikutuma kwa sababu niliona haya kubisha kwa mtu aliye nje ya eda. Halafu nikamsikia acheka huko nje, kicheko cha kujizuia, nami ndani nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kabla ya kwenda akasema neno ambalo nimekuwekea wewe. "Marehemu alikuwa akiniambia, plastiki ikikunjwa baridi hukubali kwa nje tu. Ndani huwa haijakubali. Haivunjwi na manukato, mama. Manukato huiumbua."

Tukakata vioo vingine, vikapita tanurini kwa Shee, vikapoa humo mpaka alfajiri. Wiki nzima nyumba ilinuka mkate. Viliingia majini, na vilikaa mpaka mwenyewe Kazungu alipoichoka mashua. Karakana ikabaki. Wewe ukasoma kwa karakana hiyo. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nasema na plastiki ikunje ingali moto, kisha uiache ipoe kwa wakati wake.

Sasa nije kwa yako wewe, maana hukuingia katika habari hii kwa kubebwa. Uliingia kwa miguu yako, tena kwa kunitobolea paa.

Wakumbuka ile hoteli ya Kilifi, ilipoezekwa yale mabati ya Italia. Waliniomba niwatengenezee jina la hoteli, herufi za akriliki juu ya bamba la bati lile lile. Nikakata herufi zangu, nzuri, nikazibandika kwa gundi yangu ya siku zote, nikapanda basi, nikavuka, nikarudi zangu Malindi na korosho za kivukoni. Asubuhi yake nikaitwa. Tulikwenda pamoja, ilikuwa likizo yako. Tukamkuta askari wa lango anaokota herufi kwenye maua, ameniwekea kwenye bakuli kama dagaa. Hakuna hata moja iliyobaki juu. Wewe ulicheka mpaka nikakufinya.

Yule fundi mkuu wao, Mtaliano mwenye Kiswahili cha kuchechemea, hakutucheka. Alitutolea kiti kivulini. Akatwambia rangi ile si rangi kama tunavyoijua. Ni plastiki yenye florini, na plastiki ya florini haishikwi na kitu. Maji huteleza, mafuta huteleza, uchafu huteleza, na gundi yangu nayo iliteleza. Akatwambia ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungusha kwenye paipu ni ndugu yake, na kikaango kisichogandisha chakula ni ndugu yake mwingine. Jua haliiogopeshi, chumvi haiigusi, hata tindikali za viwandani hupitishwa ndani ya mabomba ya jamii hiyo. Lakini, akasema, hasara yake ni ile ile sifa yake. Isiyoshikwa na kitu, nayo haishiki kitu. Ukiipaka peke yake juu ya bati, itabambuka. Kwa hiyo huichanganya na akriliki. Florini fungu kubwa, akriliki fungu dogo. Ya florini hubeba jua na mvua, akriliki huleta mng'ao na kushikamana na bati.

Mimi niliridhika, nikafikiria gundi gani nitumie. Wewe ndiye uliyeuliza, "Na hazigombani humo ndani?" Mtaliano yule alifurahi kama aliyesikia lugha ya kwao. Alivuta debe la rangi akalikalia, akakueleza kwamba plastiki nyingi ukiziyeyusha pamoja hujitenga, hii huku na hii kule, kama mafuta juu ya mchuzi. Lakini hizi mbili huyeyukiana, zikawa kitu kimoja king'avu. Akakutajia na kazi zake: mabati ya majumba marefu, ngozi nyembamba ya kuvalisha vibao vya barabarani visipauke, ngozi ya kuivalisha akriliki yenyewe ili jua lisiifikie na spiriti isiichome. Hapo ukanitazama. Najua ulilokuwa ukiwaza. Uliwaza mrashi.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Ulikusanya vipande: bati lililopakwa rangi ya mafuta, akriliki tupu, na kipande cha lile bati la hoteli. Ukavipigilia juu ya paa letu, vikielekea baharini, kila kimoja nusu umekifunika. Misumari yangu mizuri! Na mvua ya kwanza ikanidondokea kitandani. Nilisema sana, nakubali. Nilikwambia unapoteza wakati, msichana wa umri wako kazi yake si kulinda mabati yasiibiwe na jua. Nikakwambia uvitoe. Hukuvitoa. Ulinijibu "ndiyo mama" kwa adabu zote, ukaviacha hapo hapo, kaskazi ikaja, kusi ikaja, ikaenda, ikaja tena.

Siku uliyovishusha ulivipanga juu ya meza hii. Ukanishika kidole ukakipitisha kwenye rangi ya mafuta, kikatoka cheupe kama nimeshika chaki. Akriliki ilikuwa bado yaonyesha lakini imechubuka. Kisha ukafunua kile cha mchanganyiko, ukaniambia nikuonyeshe upande upi ulikuwa juani na upi ulifunikwa. Nikatazama, nikageuza, nikavaa miwani. Sikuweza. Ukacheka, ukadondosha spiriti juu yake, tone moja, ukapangusa. Hakuna kitu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kambani. Sikuwa naangalia nguo. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba sikukuzaa mtiifu mno.

Vipande hivyo ndivyo ulivyompelekea yule fundi wa Kilifi vimefungwa kwenye leso yangu, naye ndiye aliyekiandikia chuo cha kwao Italia kikakuchukua. Namshukuru, na mwambie huko ukimwona, maana nasikia amerudi kwao. Nawashukuru na walimu wako. Na wewe nakushukuru kwa lile tundu la paa. Nililiziba kwa kipande cha akriliki, umeliona, lakini sijakwambia kwamba kila alfajiri mwanga huingia hapo ukanipiga usoni, na ndio unaoniamsha siku hizi. Saa mbovu ya ukutani sina haja nayo.

Sasa swali lako.

Jana uliponiuliza, nilikuwa na jibu ulimini. Nilikuwa nataka kusema: ukienda, nani atanishikia upande wa pili? Macho yangu hayaoni tena mstari mwembamba, wajua. Usiku mguu huu huniuma. Simu ya Italia ni safari ya posta na foleni, na barua huchukua siku zake. Neno moja tu ningelisema, ungebaki. Ungesema "ndiyo mama", na safari hii ungetii kweli. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini kumbe hata kunyamaza kulikuwa bisibisi. Nilinyamaza, na nguo zikatoka sandukuni. Nikakaza kidogo tu, na wewe ukaja, bila ya kelele, vizuri, kama kile kioo.

Nami nakijua kioo cha namna hiyo, nilikikunja kwa mikono hii. Ungebaki, tungefanya kazi, tungecheka, kila mtu angesema tazama binti yule na mamake. Halafu siku moja ya furaha, harusi ya mtu, au rafiki yako karudi na shahada yake, mtu angekunyunyizia neno dogo zuri la kukupongeza kwa kukaa na mama. Na nyufa zingetoka hapo. Nasi tungelilaumu neno.

Sitaki, Rukia. Ninaogopa upweke, nalisema wazi, na kesho nitalia, tena vibaya, na usijaribu kuninyamazisha. Lakini hilo naliogopa zaidi.

Nitakaa vipi? Nimekwisha kukaa. Leo asubuhi, baada ya kuliona sanduku, nilikwenda kwa Bwana Shee. Nilibisha mwenyewe, bila ya haya, nikamwambia nahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili. Mjukuu wake wa kike amemaliza shule, amekaa bure. Ataanza Jumatatu. Nimemwonya babu yake kwamba nina domo. Akaniambia mji mzima wajua. Na Kazungu ametuma mtu kwamba basi la kesho tusipande, atatupeleka yeye mpaka Mombasa, na kwamba atachukua halua.

Kesho utanyunyiziwa kwa mrashi. Usitie shaka, ni marashi ya mawaridi matupu, nimeyanusa na kuyaonja.

Na radhi yangu usije ukaiomba mlangoni mbele za watu, ukatufanya sote tulie. Unayo. Ulikuwa nayo toka ulipokataa kuvishusha vile vipande.

Nimeacha kuandika kidogo, nimekwenda chumbani kwako, nimerudi. Sasa naisikia sauti yako kwa jirani, umeshafika, wasalimiana na watu. Barua hii utaikuta juu ya sanduku. Usitafute nguo zako kabatini. Zimeingia zote, na sanduku nimelifunga mimi.

Mama yako